Bilinganya za tabaka bila oveni

Ukipanga bilinganya, viazi na nyanya tabaka kwa tabaka kisha ukaoka, adui yako ni maji. Mara ya kwanza nilipojaribu, hapahapa Mtwara, nilifunua sufuria nikakuta mchuzi. Tuliulia wali, hakuna aliyelalamika, ila sicho nilichokusudia.

Siku hizi bilinganya nazikata vipande vyembamba, unene wa nusu kidole, nazinyunyizia chumvi na kuziacha nusu saa. Utaona matone yanatokeza juu kama jasho. Futa kwa kitambaa safi, kaanga kidogo pande zote mbili. Nyanya nazo zipike kwanza na vitunguu na kitunguu saumu mpaka zikauke na mafuta yajitenge. Viazi chemsha nusu tu.

Jibini huku ni ghali, lakini korosho tunazo. Nunua zile zilizovunjika, bei yake nafuu. Loweka kwenye maji ya moto, kisha saga na tui zito la nazi na chumvi mpaka ziwe laini kama uji mzito. Hizo ndizo zinazomiminwa juu kabisa.

Huna oveni? Sufuria nzito, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama unavyopalia wali. Dakika 40 hivi. Makaa ya chini yakizidi, viazi vitaungua kabla juu hakujapata rangi. Ukishaepua usikate papo hapo, hata kama watoto wameshashika sahani. Subiri robo saa tabaka zishikane.