Jinsi ya kukinga mkojo wa kuotesha maabara

Nafanya kazi maabara: tunaotesha mkojo, yaani tunaacha vijidudu vilivyomo vikue ili tuvitambue, na vikopo vingi ninavyoletewa huotesha vijidudu vya ngozi tu. Ninayemsaka hasa ni E. coli, bakteria mkazi wa utumbo anayeleta maambukizi ya mkojo. Mrija wa mkojo wa mwanamke una sentimita 4 hivi, basi hana safari ndefu hadi kwenye kibofu.

Nawa mikono. Kikopo usikiguse ndani, wala kifuniko. Tanua mashavu ya uke kwa vidole, jifute mbele kwenda nyuma, na usiyaachie. Mkojo wa mwanzo uende chooni. Bila kuukata, kinga wa katikati. Nusu kikopo yatosha, jamani, si mashindano.

Ulete ndani ya saa 2, au uweke kwenye friji. Antibiotiki usianze kabla. Ukiwa na homa, maumivu ya ubavu au mimba, muone daktari leo leo.