Kufuga Gambusia Kwenye Tangi Bila Kumpa Njia ya Kutoroka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Gambusia ni samaki mdogo wa maji baridi ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani na Meksiko. Jike hufikia urefu wa sentimita 6 hivi, na dume mara nyingi haizidi sentimita 4. Kwa kuwa hula viluwiluwi vya mbu, alichukuliwa kutoka Texas na kupelekwa Hawaii mwaka 1905, kisha akafikishwa Hispania mwaka 1921, Australia mwaka 1925 na New Zealand mwaka 1930, na leo anapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Kila alikopelekwa hakuishia kwenye viluwiluwi vya mbu, bali alikula mayai na vifaranga wa samaki wenyeji, akameza viluwiluwi vya vyura, na akang'ata mapezi ya samaki waliomzidi ukubwa. Aina moja ya jamii hii, Gambusia affinis, imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia.

Sifa zilizomwezesha kuvamia mito na madimbwi, yaani kuvumilia joto na baridi, kustahimili maji yenye chumvi au yenye oksijeni kidogo, na kuzaa haraka, ndizo zinazomfanya awe miongoni mwa samaki rahisi zaidi kutunza. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu haihusu namna ya kumweka hai. Inahusu namna ya kupanga tangi ili kisitoke humo samaki, kifaranga, wala ndoo ya maji ambayo haijachujwa.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Gambusia affinis na ndugu yake Gambusia holbrooki waliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya viumbe vamizi ambavyo mtu haruhusiwi kuvifuga, kuviuza, kuvizalisha wala kuvisafirisha bila kibali maalumu. New Zealand na majimbo kadhaa ya Australia yana makatazo yanayofanana na hayo. Penginepo sheria hutofautiana sana, kwa hiyo uliza mamlaka ya uvuvi au ya mazingira ya mahali ulipo, uombe jibu la maandishi, na usitegemee neno la muuzaji. Ukijibiwa kwamba hairuhusiwi, basi kwako mwongozo huu unaishia hapa, isipokuwa kama tayari unaye samaki huyu; katika hali hiyo nenda moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Mtambue samaki uliye naye

Wafugaji wengi hujikuta na gambusia bila kukusudia, ama kwa kuwa alivuliwa dimbwini akidhaniwa kuwa samaki mwenyeji, ama kwa kuwa alichanganywa dukani na gapi, samaki mdogo wa mapambo. Majike wa gapi na majike wa gambusia hufanana kiasi cha kumdanganya hata mtu mzoefu anayewatazama kwa haraka. Mweke samaki kwenye chombo chembamba cha kioo na umwangalie ubavuni. Gambusia ana rangi ya kijivu inayoelekea kijani cha zeituni, kichwa kilichobapa juu, mdomo unaoelekea juu, mkia wa mviringo, na mara nyingi vidoti vidogo vyeusi vilivyojipanga kwa mistari kwenye pezi la mkia. Wengi wao pia wana alama nyeusi inayoshuka kutoka jichoni kama chozi.

Ukitaka kujua kama ni affinis au holbrooki, hesabu miale ya pezi la mgongoni kwa msaada wa kioo cha kukuzia: kwa kawaida affinis ana 6 na holbrooki ana 7. Kwa utunzaji hakuna tofauti ya maana kati yao, lakini kibali chako kinaweza kutaja jina moja tu.

Hatua ya 3: Chukua madume peke yao

Uamuzi huu ni mzito kuliko mingine yote. Gambusia hatagi mayai. Jike huzaa vifaranga walio hai baada ya wiki tatu hadi nne za ujauzito, mara nyingi makumi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na majike wakubwa huweza kuzaa zaidi ya hapo. Jike pia huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hivyo jike mmoja aliyewekwa peke yake anaweza kuendelea kuzaa mara kadhaa bila kumwona dume tena. Muuzaji anayekuambia kwamba majike wake ni salama kwa kuwa hawakai na madume hajaelewa maumbile ya samaki anayemuuza, kwa sababu jike aliyewahi kukutana na dume hata mara moja ni kundi zima lililofichwa ndani ya samaki mmoja.

Dume hutambulika kwa pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja, ambalo kwake limerefuka na kuwa kama kijiti kinachoelekea mkiani. Jike ana pezi lenye umbo la kipepeo cha kupepea moto, na juu yake tumboni huwa na doa jeusi ambalo hukolea ujauzito unapokua. Tahadhari ni kwamba samaki wachanga wote huonekana kama majike mpaka kijiti hicho kikamilike, kwa hiyo usichukue mchanga kwa kubahatisha. Chukua tu wale ambao kijiti chao kimeshaumbika kabisa.

Kundi la madume peke yao lina kero zake. Hufukuzana mchana kutwa, na wakiwa wawili au watatu tu, mmoja hugeuzwa mnyonge wa kudumu. Nimeona ni afadhali kuwaweka wanane hadi kumi pamoja, ndani ya mimea mingi, ili ugomvi usimwangukie mmoja. Madume pia huishi muda mfupi kuliko majike, na mfugaji anayetaka samaki wa miaka mingi atafute aina nyingine.

Hatua ya 4: Andaa tangi ukianza na njia za kutokea

Tangi la lita 60, lenye urefu wa sentimita 60 hivi, linatosha kundi hilo. Kabla ya kulitia maji, likague kana kwamba wewe ndiye samaki unayetafuta njia ya kutoka. Kifuniko kifunike pande zote, na matundu ya nyaya na mipira ya hewa yazibwe kwa sponji. Mdomo wa kichujio unaovuta maji uvishwe sponji vilevile, au utumie kichujio cha sponji kinachoendeshwa kwa pampu ya hewa, ambacho mimi hukipendelea kwa kuwa hakina mahali pa kumnasa samaki na mkondo wake ni mpole. Tangi lisiwekwe juu ya mfereji wa sakafuni, na kamwe usimfuge gambusia kwenye bwawa la nje, hata lile lililojengewa ukuta, kwa kuwa mvua kubwa inayolifurisha bwawa inatosha kumpeleka mtoni.

Tandika mchanga au changarawe laini, panda mimea yenye majani mengi, na uongeze mimea inayoelea, kwa kuwa samaki huyu hukaa karibu na uso wa maji karibu muda wote. Hita haihitajiki ikiwa joto la chumba hukaa kati ya nyuzi 18 na 26 za Selsiasi.

Hatua ya 5: Komaza maji kabla ya kuleta samaki

Uvumilivu wa gambusia usiwe kisingizio cha kumtia kwenye maji mabichi. Washa kichujio na utie chanzo kidogo cha amonia, kama vile punje chache za chakula cha samaki kila siku, ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, wapate kujijenga. Kwa kawaida kazi hii huchukua wiki nne hadi sita. Pima maji, na usilete samaki mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Maji yenye pH (kipimo cha uasidi) kati ya 7 na 8 yanamfaa sana.

Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo baadhi ya mitambo ya maji huitumia.

Hatua ya 6: Waingize baada ya karantini

Waweke kwanza kwenye tangi dogo la pembeni kwa wiki tatu au nne, hasa kama walivuliwa porini, kwa maana gambusia hujulikana kubeba vimelea, akiwemo tegu wa Asia anayeathiri samaki wa aina nyingi. Tazama kama kuna madoa meupe mwilini, kukonda huku wanakula, au mapezi yaliyobana. Wakiwa salama, wahamishe kwa wavu. Maji waliyokuja nayo yasiingie tangini.

Usimweke na samaki mwingine yeyote. Mwenye mapezi marefu atang'atwa mpaka apate vidonda, na mdogo kuliko yeye ataliwa.

Hatua ya 7: Lisha kidogo

Chakula chembamba kinachoelea, mara mbili kwa siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika mbili, kinatosha. Ongeza dafnia au artemia, vijidudu vidogo vya majini, mara kwa mara. Samaki hawa hupanda juu na kuomba kila wanapomwona mtu, hata kama wameshiba, kwa hiyo usiwaamini.

Hatua ya 8: Badilisha maji kwa utaratibu usiovunjwa

Kila wiki toa asilimia 20 hadi 25 ya maji kwa mpira wa kufyonza, na funga kitambaa chenye matundu madogo sana kwenye ncha inayomwaga ndani ya ndoo. Ikiwa umefuata hatua ya 3 kwa uaminifu, hutakuta kifaranga, lakini kitambaa kipo kwa ajili ya siku ambayo ulikosea kumtambua mmoja. Kifaranga aliyezaliwa karibuni ana urefu wa milimita 8 hivi, hana rangi ya kuonekana kwa urahisi kwenye maji ya ndoo, na katika maji ya vuguvugu huweza kukomaa ndani ya miezi miwili.

Maji yaliyochujwa yamwage kwenye udongo mkavu wa bustani, mbali na mtaro, au kwenye choo kilichounganishwa na mfumo wa majitaka. Yasimwagwe kwenye mfereji wa maji ya mvua, kwa kuwa mara nyingi mifereji hiyo huishia mtoni bila kupita popote pa kusafishwa. Wavu, ndoo na mpira viwe vya tangi hili peke yake, na vikaushwe kabisa kila baada ya matumizi. Mimea usimpe mtu. Ukiipunguza, isuuze ndani ya ndoo, ikaushe juani, kisha itupe.

Malizia kwa kuhesabu samaki na kuandika idadi daftarini pamoja na tarehe. Idadi ikipungua, tafuta mzoga. Ikiongezeka, una jike.

Hatua ya 9: Unapotaka kuachana nao

Kuwaachia kwenye maji ya asili, hata yale yenye mbu wengi, hakukubaliki kwa hali yoyote. Katika chemchemi za Edgbaston huko Queensland, Australia, na katika vijito vya Arizona, Marekani, samaki wadogo wenyeji wamesukumwa ukingoni mwa kutoweka kwa sababu ya gambusia. Kwanza uliza mamlaka ya uvuvi au ya mazingira ya mahali ulipo kama kuna taasisi inayowapokea, au mfugaji mwingine mwenye kibali.

Asipopatikana, wauwe bila mateso kwa mafuta ya karafuu. Changanya nusu mililita ya mafuta kwa kila lita moja ya maji ya tangi, ukitanguliza kuyatikisa mafuta ndani ya chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, kwa maana mafuta yasiyochanganyika huelea tu juu. Waingize samaki, na baada ya matamvua kuacha kucheza subiri angalau dakika kumi zaidi. Kisha wafunge na kuwatupa pamoja na taka ngumu, au wafukie. Tangi na vyombo vyake vioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini, visuuzwe, na viachwe vikauke kabisa kabla ya kumpa mtu au kuvitumia kwa samaki wengine.