SOMO: Kukagua jambia la Kiomani kabla ya kulilipia

Jambia (hanjari) lina ubapa, mpini, ala na mkanda, na mara nyingi sehemu hizo hazina umri mmoja. Ubapa mzuri ulirithiwa, ala ikachakaa, sonara akatengeneza nyingine. Huo si ughushi. Ughushi ni kuuziwa mchanganyiko kwa bei ya jambia kamili, kwa hiyo kila sehemu ikaguliwe peke yake. Uwe na lenzi ya kukuza mara 10, tochi, sumaku na mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01.

1. Geuza ala, anza na mgongo. Mbele hupambwa ili kumvutia mnunuzi. Nyuma mghushi huchoka. Ngozi ya zamani huwa imeng'aa na kuwa nyeusi pale iliposuguana na kanzu, na uzi wa mshono umelika hapohapo. Ngozi iliyochakaa sawasawa pande zote imepakwa rangi.

2. Tazama nakshi kwa lenzi. Nyuzi za fedha zilizosokotwa kwa mkono hupishana kidogo kwa unene na nafasi. Ukiona dosari ileile ikijirudia kila baada ya umbali uleule, hiyo imetoka kwenye kalibu.

3. Pima fedha. Sumaku hunasa chuma tu, kwa hiyo haithibitishi fedha. Shaba na alpaka (mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaofanana na fedha) nazo hazinaswi. Masonara waliyeyusha sana reale za Maria Theresa (sarafu za Austria), zenye fedha sehemu 833 kwa 1000. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kwa uzi pete moja iliyotolewa kwenye ala (zile zinazoshikiza ala kwenye mkanda), ya waya mgumu usio na uwazi ndani, izame bila kugusa glasi. Pete ya gramu 6.00 ya fedha hiyo huongeza takriban gramu 0.59 kwenye mizani, ya alpaka, takriban 0.69. Viputo vya hewa ndivyo vinavyoharibu kipimo, hivyo pete ilowanishwe kwanza kwa maji ya sabuni. Ala nzima haipimiki hivi, maana ndani mna mbao.

4. Chomoa ubapa polepole. Mgongo wa katikati uwepo pande zote mbili. Kutu ya zamani ni ya kahawia iliyokolea na imeng'ang'ania. Ya juzi ni ya rangi ya chungwa na hubaki kidoleni.

5. Mulika mpini. Pembe ya faru huonyesha nyuzinyuzi sambamba, na kingo zake hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Plastiki ina viputo au mstari wa kalibu. Sindano ya moto usiitumie: tundu halizibiki.

MASWALI

Fundi, shikamoo. Pete saba si ushahidi kwamba ni la ukoo wa Sultani?
Marahaba. Hapana. Pete saba huhusishwa na mtindo wa Saidi (wa ukoo wa kifalme wa Al Said), na nne ndizo za kawaida, lakini sonara yeyote huongeza pete. Tazama ulehemu wa pete za ziada kama umefanana na wa zile nyingine.

Mpini unacheza. Nimwage gundi kali?
Usithubutu. Mkia wa ubapa hushikwa kwa ulimbo, nao hukauka na kupasuka. Ulimbo fundi huulainisha kwa joto akaurudishia. Gundi kali itamlazimu apasue mpini.

Nisugue weusi wa fedha kabla ya kuuza?
Acha. Weusi ulioganda mashimoni mwa nakshi ndio mnunuzi makini anaoutafuta kwanza.

Mpini ni wa faru kweli. Naweza kumtumia mteja Ulaya?
Faru weusi wako Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) tangu 1977, na biashara ya kimataifa ya pembe za faru imepigwa marufuku. Usiitume, uliza kwanza mamlaka ya wanyamapori ya nchi zote mbili.