Somo: Jinsi ya kupima hatari ya majanga katika kaunti ya vijijini

Wengi huanza kazi hii kwa kufungua ramani kwenye kompyuta. Ramani utaihitaji, lakini anza na wazee na kuta za nyumba.

1. Kusanya kumbukumbu. Uliza maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote. Ukijibiwa "yalijaa sana", omba uonyeshwe kwa mkono. Mstari wa tope hukaa ukutani miaka. Ukuta ukiwa umepakwa rangi upya, tazama makapi yaliyonasa kwenye matawi ya miti ya kando ya mto, mara nyingine juu ya kichwa chako. Pima kimo kutoka ardhini, piga picha, andika mwaka. Kijiji cha Aneyoshi, Japani, kina jiwe lililosimikwa baada ya tsunami ya 1933, linalowaonya watu wasijenge chini yake. Tsunami ya 2011 iliishia chini ya jiwe hilo.

2. Tembea mwenyewe. Mlimani tafuta nyufa ardhini, nguzo za ua zilizoinama, miti iliyopinda shinani, chemchemi iliyozuka mahali pasipokuwa na maji. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri ukianza kukwama, huenda ardhi inasogea.

3. Orodhesha matishio: mafuriko, ukame, maporomoko, moto wa nyika, radi, tetemeko. Lisilokuhusu liache.

4. Hesabu watu, mchana na usiku. Shule iliyojaa mchana ni tupu usiku, na nyumba za bondeni ni kinyume chake. Andika nyumba zenye mgonjwa wa kitandani, mjamzito, au asiyesikia kengele. Mifugo nayo ihesabu, maana watu hurudi majini kufuata ng'ombe.

5. Tafuta kilicho kimoja tu. Hapa ndipo vijiji hutofautiana na mji, na tathmini nyingi hupapita haraka. Daraja moja, mnara mmoja wa simu, kisima kimoja, zahanati moja. Kwa kila kimoja jiulize: kikikatika leo usiku, nani anabaki upande wa pili, na ana chakula na dawa za siku ngapi? Huenda maji yasiingie nyumba hata moja, lakini mama mwenye uchungu akashindwa kuvuka.

6. Toa alama. Uwezekano 1 hadi 5, madhara 1 hadi 5, kisha zidisha. Ila usiiamini hesabu kupita kiasi: 5×1 na 1×5 zote ni 5, wakati ya kwanza ni shamba linalolowa kila mwaka na ya pili ni bwawa kupasuka mara moja. Mimi ningeanza na bwawa.

Maswali ya wanachama

*Tumeshapata "mafuriko ya miaka 100". Si tuna amani hadi wajukuu?*
Hapana. Maana yake ni uwezekano wa 1% kila mwaka, na mwaka jana haupunguzi wa mwaka huu. Anayekaa hapo miaka 30 ana uwezekano wa takriban 26% wa kuyaona.

*Hatuna rekodi za mvua kabisa.*
Anzeni leo. Chombo chenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha. Kiwekwe mahali wazi, kisomwe kila asubuhi saa ileile. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba.

*Ukame tunaupimaje? Hauna siku ya kuanza.*
Fuatilia umbali wa kwenda kuchota maji, na mbuzi mmoja anakupa magunia mangapi ya nafaka sokoni. Magunia yakipungua mwezi baada ya mwezi, ukame umeshaingia hata kama nyasi bado zina kijani.

*Turudie baada ya muda gani?*
Kila mwaka kabla ya mvua, na kila daraja au bwawa jipya likijengwa. Mlima ukiungua msingoje mwaka uishe: mvua ya kawaida tu juu ya ardhi iliyoungua yaweza kushusha tope hadi nyumba ambazo hazijawahi kufikiwa.