Nekrosisi kali ya retina: mambo ya kuzingatia kabla ya kufika kwa daktari

Ugonjwa huu, ambapo virusi huua retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ni adimu mno. Nchini Uingereza ulikadiriwa kumpata mtu mmoja hivi kwa mwaka kati ya watu milioni 1.6 hadi 2, na kwa sababu hiyo wengi humfikia bingwa wa retina wakiwa wameshatibiwa jicho jekundu la kawaida. Virusi vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi, au vya herpesi (vinavyoleta malengelenge), hujificha mwilini kwa miaka, kisha huamka na kuiua retina kuanzia pembezoni. Siku za mwanzo unaweza kusoma herufi zote ubaoni, na hapo ndipo watu hupumbazika.

Jicho likiwa jekundu, linauma, linachukia mwanga na unaona vidoa vinavyoelea au ukungu, nenda siku hiyohiyo. Omba macho yote mawili yapimwe kwa matone ya kupanua mboni. Matone hayo hufifisha uoni kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe gari.

Kabla ya kuondoka nyumbani, kumbuka historia yako: tetekuwanga, mkanda wa jeshi, malengelenge ya mdomoni au sehemu za siri, homa ya ubongo hata kama ni ya utotoni, hali yako ya VVU, na dawa zozote zinazoshusha kinga. Malengelenge ya sehemu za siri ndiyo watu huyaficha kwa aibu. Yataje, daktari hatafuti umbea, anatafuta kirusi.

Usijitilie matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) yaliyobaki kabatini. Steroidi ina nafasi yake, lakini kwa kawaida hutolewa baada ya dawa ya virusi kutangulia kwa siku moja au mbili. Ikitangulia yenyewe, inavipa virusi upenyo.

Matibabu hayasubiri majibu ya maabara. Daktari anaweza kuchota majimaji kidogo ya jicho ili yapimwe kwa PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi), lakini dawa huanza mara moja: asikloviri kwa dripu kila baada ya saa 8, au vidonge vya valasikloviri kwa dozi kubwa, pengine pamoja na sindano ndani ya jicho. Kama una tatizo la figo, sema mapema, maana dozi hupangwa kwa kuzitazama. Na uliza unywe maji kiasi gani. Jipange pia kumeza vidonge kwa wiki nyingi baada ya dripu. Vidonge hivyo vinalilinda jicho la pili, ambalo bila dawa huambukizwa kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa au zaidi.

Hatari nyingine huja wakati unadhani umepona: retina iliyokonda hutoboka na kubanduka, mara nyingi wiki kadhaa baadaye. Ukiona mimweko ya mwanga, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kinachoziba upande mmoja, rudi bila kungoja tarehe ya kliniki. Ukipangiwa upasuaji wa kuirudisha retina mahali pake, uliza kama jicho litajazwa gesi au mafuta ya silikoni. Ukiwa na gesi hupandi ndege mpaka iishe. Mafuta kwa kawaida hutolewa baadaye kwa upasuaji mwingine.