Pindua chupa kabla ya kupanda Thorong La

Safari ya kuvuka Thorong La, njia ya kupita juu ya milima huko Nepal (mita 5,416), huanza gizani, saa kumi alfajiri hivi, na baridi ya saa hizo hugandisha maji begini. Beba chupa kichwa chini, kifuniko kikielekea ardhini. Barafu huelea, kwa hiyo maji huanza kuganda kwa juu. Ukiipindua, barafu inashika upande wa kitako na mdomo unabaki wazi. Jaza maji ya moto, uivishe soksi nene ya sufu. Mrija wa kunywea wa mfuko wa maji unaobebwa begini usiutegemee kabisa, huziba mapema mno. Mbinu hii haifai kifuniko kikivuja (kijaribu usiku uliotangulia), na baridi ikizidi chupa yote itaganda, basi ibebe ndani ya koti.