Jinsi ya Kuwauliza Wazazi Kama Wameridhika na Huduma ya ICU ya Watoto

Juzi nesi mwenzangu alinipigia simu, anataka kuanza kazi hii wodini kwao, ICU ya watoto mahututi. Tuliongea mpaka vocha ikaisha, kwa hiyo yaliyobaki nayaandika hapa.

Hatua ya 1: Chukua dodoso lililokwisha kupimwa

Usitunge lako. Natumia EMPATHIC-30, toleo fupi la mwaka 2013 la dodoso la Uholanzi lililokuwa na kauli 65. Kauli zake 30 ziko katika mafungu matano: taarifa, huduma na matibabu, mpangilio wa wodi, ushiriki wa mzazi, na mwenendo wa watumishi. Alama ni 1 (hapana kabisa) hadi 6 (ndiyo kabisa), na pembeni kuna "hainihusu". Omba ruhusa ya wenye dodoso, na kibali cha hospitali.

Hatua ya 2: Tafsiri, kisha kaa na akina mama

Mmoja atafsiri toleo la Kiingereza kwa Kiswahili, mwingine arudishe kwa Kiingereza bila kuona asili. Halafu keti na akina mama watano sita, umuulize kila mmoja ameelewa nini. Kuna mama aliweka 6 kwenye "Nilishirikishwa katika maamuzi". Nikamwomba anieleze. "Ndiyo sista, waliniletea karatasi nikasaini." Karatasi ya nini? "Sikuuliza, waliniambia nisaini haraka." Tukaandika upya: "Kabla ya kuamua, daktari aliniuliza nina maoni gani." Alinyamaza kidogo, kisha akaweka 2. Kila badiliko la namna hii liandike na uwajulishe wenye dodoso.

Ukiongeza swali lako, lisiwe la kukanusha. Mtu akiulizwa "Hukuelezwa?" atajibu "ndiyo", maana yake kweli hakuelezwa, mwingine naye "ndiyo" yake ni kwamba alielezwa. Swali langu la aina hiyo nililitupa na majibu yake yote.

Hatua ya 3: Nani aulize, wapi, lini

Hapa ndipo nilipopoteza miezi mitatu. Nilikuwa nauliza mwenyewe, nimevaa sare, kando ya kitanda, mtoto bado yuko kwenye oksijeni. Wote wakaweka 6. Mama mmoja alikuwa akisema "sita" kabla sijamaliza kusoma kauli, macho yake kwenye monita. Anajua usiku ni mimi nitakayemvuta mwanawe makohozi. Atanilalamikiaje?

Fomu zile zote niliziweka kando. Sasa anauliza mtu asiye wa wodi yetu, bila sare, siku moja au mbili baada ya mtoto kuhamishiwa wodi ya kawaida. Usisubiri siku ya ruhusa, maana siku hiyo mawazo yote yako kwenye bili, na usimkamate mtu dirishani kwa keshia. Asiyesoma asomewe, lakini pembeni, mbali na mawifi na mashemeji. Baba aulizwe peke yake, kwa sababu yeye ameiona wodi saa za kutazama wagonjwa tu. Uliza pia ni nani hasa aliyekuwa akikesha. Mara nyingi ni bibi au mama mdogo, na jibu lake lina uzito.

Waliofiwa usiwaache nje, maana wameona mengi ambayo wengine hawakuyaona. Lakini usiwapigie wakati wa msiba. Sisi tunasubiri arobaini ipite, muulizaji wetu anaanza na pole, anaomba ridhaa, na mzazi akianza kulia fomu anaifunga, anabaki kumsikiliza. Wapo watakaokataa. Usirudie kupiga.

Hatua ya 4: Ingiza majibu

Tumia KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya dodoso, inafanya kazi hata bila mtandao. "Hainihusu" iachwe wazi, isiandikwe 0. Sifuri huvuta wastani chini, nawe utadhani wodi imeharibika.

Hatua ya 5: Soma majibu

Usipeleke kikaoni wastani peke yake. Watu wakiona 5.6 wanapiga makofi na kuondoka. Kwa kila kauli hesabu walioweka 4 kushuka chini, na maneno yao yasomwe kwa sauti. Kwetu iliyoanguka ilikuwa kauli ya kukaa karibu na mtoto, kwa sababu wazazi walikuwa wakitolewa nje madaktari wakiingia kuwapitia wagonjwa. Siku hizi mama anabaki kando ya kitanda, na daktari hahamii kitanda kinachofuata kabla ya kumuuliza kama ana swali.